Kivuli cha Moshi

Jumapili, 2 Juni

Mawingu hayajaja. Miaka yote, ikifika mwisho wa Mei tunakuwa tumeshaanza kuamka na dari nyeupe juu ya mji, lile wingu la chini linalotambaa kutoka baharini alfajiri na kukaa mpaka adhuhuri. Mvua hapa kwetu ni mgeni. Tunachokijua ni kivuli hicho. Mwaka huu jua linachomoza na hasira zake zote.

Nyumbani tuko wanne. Mama analala chumba cha mbele. Moyo wake umechoka, miguu inavimba, na daktari alituambia adui yake mkubwa ni joto. Mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya msingi na ana pumu tangu utotoni. Mume wangu alikuwa fundi wa tanuri katika kiwanda cha kuyeyusha shaba mpaka kilipofungwa mwaka jana. Kilifungwa kwa sababu mdogo wangu aliwakusanya wazazi wa shule nzima wakaandamana kupinga moshi, na wakashinda. Kwa hiyo meza yetu ina aliyefunga kiwanda na aliyefungiwa, na katikati yao kibakuli cha chumvi. Mume wangu hupenda kumwambia, "Shemeji, nisogezee chumvi, maana mkate wangu umeshaula." Wanacheka wote wawili. Sijui watacheka mpaka lini.

Mimi ni mpimaji wa hewa katika kituo kilichoko kwenye rasi. Napima vumbi, chumvi, masizi, kila kinachoelea. Huko naandika tarakimu. Humu nitaandika mengine.

Jumatano, 5 Juni

Hakuna wingu. Mama hakula mchana.

Jumapili, 9 Juni

Leo lilikuja. Nilikuwa juu ya paa la kituo nikibadilisha karatasi za kuchujia hewa, nikaliona likisogea juu ya maji, jembamba kama chandarua kilichofuliwa mara nyingi. Kabla halijafika ufukweni likaanza kudondosha manyunyu baharini, likatoboka, likakatika vipande. Jua likapita katikati kama mtu anayeingia nyumba isiyo na mlango.

Karatasi niliyoitoa ilikuwa nyeupe pe. Zamani, kiwanda kilipokuwa kikifanya kazi, tulikuwa tunazitoa za kijivu. Nilipaswa kufurahi.

Ijumaa, 14 Juni

Joto. Mdogo wangu ameimba jikoni asubuhi nzima. Nilisimama mlangoni nikamsikiliza mpaka ubeti wa mwisho, na hakukatisha hata mara moja kuvuta pumzi. Pampu yake ya pumu imekaa kabatini tangu Januari. Jana alipandisha kilima cha shule akikimbizana na wanafunzi wake, akarudi nyumbani kuniambia kama mtoto aliyeshinda zawadi. Amekuwa mtu mzima bila kujua kwamba kukimbia kuna raha.

Ijumaa, 21 Juni

Mama aliniuliza mawingu yamekwenda wapi. Nilikuwa namkanda miguu kwa maji baridi, nikaona nimweleze taratibu.

Nikamwambia wingu halijengwi kwa mvuke peke yake. Kila tone linahitaji kitu cha kujishikiza: punje ya chumvi, ya vumbi, ya moshi. Mvuke ni kama chungu kimoja cha chakula. Ukikigawa kwa watu wengi, kila mmoja anapata tonge dogo. Chembe zikiwa nyingi angani, matone yanakuwa mengi na madogo. Hayadondoki upesi, wingu linakuwa zito na jeupe, linalirudisha jua lilikotoka. Chembe zikipungua, matone yanakuwa machache na manene, yanaanguka baharini kama manyunyu, na wingu linakonda.

"Na hizo chembe zilikuwa zinatoka wapi?" akauliza.

Nikasema nyingine zinatoka baharini kwenyewe, na bahari yenyewe mwaka huu ina joto kuliko kawaida, hilo nalo linayala mawingu. Nyingine zilikuwa zinatoka kwenye bomba la kiwanda. Salfa ya moshi ule ilikuwa inasambaa juu ya maji umbali mrefu.

Aliifuata mikono yangu kwa macho, kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Kisha akasema, "Kumbe moshi uliokuwa unamnyonga mdogo wako ndio uliokuwa unanifunika mimi."

Nikachota maji mengine.

"Usimwambie," akasema. "Mwache aimbe."

Jumamosi, 22 Juni

Hakuna.

Jumatatu, 24 Juni

Hakuna. Mume wangu ametundika mashuka yaliyoloweshwa kwenye dirisha la mama. Yanakauka kabla hajamaliza kutundika la mwisho. Tangu apoteze kazi yeye ndiye anayemnyanyua mama, anamgeuza, anamchekesha. Mama anamwita "nesi wangu wa kiume" na kulalamika kwa majirani kwamba ana mikono ya kukoroga shaba.

Jumatatu, 1 Julai

Mkuu wa kituo aliniita ofisini kwake, feni ikipuliza karatasi zote isipokuwa zile alizozikandamiza kwa viwiko. Anataka ripoti: mawingu ya pwani kabla na baada ya kiwanda kufungwa. Picha za setilaiti tunazo, vipimo vya rasi tunavyo, na mimi ndiye ninayevijua. Alisema watu wa mjini wanauliza, manispaa inauliza, na "wengine pia" wanauliza. Sikumuuliza wengine ni akina nani. Ningepaswa.

Alhamisi, 4 Julai

Nimemaliza hesabu. Nikazirudia, nikazirudia tena kwa njia nyingine, nikitumaini nimekosea mahali.

Sikukosea. Wingu limepungua, na sehemu ya upungufu huo, si wote, ni kwa sababu moshi haupo. Sehemu nyingine ni bahari. Siwezi kuzitenganisha kama mtu anayetenganisha mchele na chuya. Lakini ipo. Hewa imesafika na kivuli kimetoweka.

Sijaipeleka kwa mkuu. Nimemwambia bado nahakikisha.

Jumamosi, 6 Julai

Nimemwambia mdogo wangu. Sikuweza kuendelea kukaa naye meza moja nikiwa na jambo kama hili kifuani, na mama anisamehe. Tulikuwa tunaanua nguo uani. Alinisikiliza huku akikunja, nguo baada ya nguo, akizipanga vizuri kuliko ilivyohitajika.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika kiasi."

"Basi kiasi chako hicho ndicho kitakachowasha tanuri," alisema. "Wao hawatasoma 'kiasi', dada. Watasoma 'moshi ulikuwa unatusaidia'."

Nikamwambia nitaandika yote, na madhara ya moshi, na vifua vya watoto, na kwamba dawa ya joto si kurudisha sumu. Akatabasamu kwa namna ambayo nadhani huwatabasamia wanafunzi wanaojibu vizuri swali ambalo hakuuliza. Alinikumbusha watoto wa darasa lake waliokuwa wakija shuleni na midomo ya bluu. Alinikumbusha yule mmoja ambaye kiti chake kilibaki wazi. Kisha akaniomba nisubiri. Msimu mmoja tu. Labda bahari itapoa, labda mawingu yatarudi yenyewe.

Nikamwahidi kwamba nitasubiri.

Aliponiuliza kama mama anajua, nikasema ndiyo. Hapo ndipo alipokaa chini, juu ya nguo alizokuwa amezikunja.

Jumanne, 9 Julai

Hakuna wingu. Mdogo wangu haimbi tena.

Ijumaa, 12 Julai

Anga kama bati. Shule zimefungwa kwa sababu ya joto. Mkuu ameulizia ripoti. Nimesema bado.

Jumapili, 14 Julai

Hakuna.

Jumamosi, 20 Julai

Mama amekufa siku ya Jumatano. Naandika leo kwa sababu kabla ya leo mkono ulikataa.

Joto lilikuwa limekaa siku kadhaa bila kushuka hata usiku. Jumatano umeme ukakatika, nadhani kila mwenye feni mjini aliiwasha kwa wakati mmoja. Nilikuwa kituoni. Mdogo wangu akanipigia, akasema maneno mawili tu, "Dada, njoo," na nikajua.

Nilipofika, mume wangu alikuwa amemhamishia mama sakafuni kwenye chumba cha nyuma, kwenye saruji, ambako kulikuwa na ubaridi kidogo. Mdogo wangu alikuwa akimpepea kwa jalada la kitabu cha hesabu. Mama alikuwa anapumua kwa haraka, kama ndege aliyeshikwa. Ngozi yake ilikuwa kavu na inaunguza. Alinitazama akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani.

Jirani mmoja alitoa gari. Hospitali ilikuwa imejaa mpaka nje. Watu wamelazwa kwenye korido, wengine juu ya maboksi yaliyopasuliwa, na karibu wote walikuwa wazee. Nesi alikuwa akipita na ndoo akiwamwagia maji vifuani, mmoja mmoja, kama mtu anayemwagilia bustani ambayo anajua imeshakauka. Alipomfikia mama aliweka ndoo chini, akashika mkono wake, akaangalia juu kututafuta.

Mume wangu ndiye aliyelia kwa sauti. Mimi nilikuwa nikitazama dirisha la korido. Nilikuwa natafuta wingu. Mama yangu amelala mbele yangu amekufa, na mimi nimeinua shingo natafuta wingu.

Tulimzika jana asubuhi. Kwenye kilima cha makaburi mdogo wangu alipanda bila kusimama, akibeba maua, pumzi yake safi, na kila hatua aliyopiga niliiona kama imelipiwa na mtu mwingine. Najua ni wazo baya. Nimeliandika ili lisikae kichwani.

Alhamisi, 25 Julai

Jana na juzi sikwenda kazini. Nyumba ina ukimya wa chumba cha mbele.

Tumegombana. Sikutaka, lakini maneno yalikuwa yamejipanga mlangoni yakisubiri mtu afungue. Nilimwambia kwamba aliniomba nisubiri msimu mmoja, na mama hakuwa na msimu mmoja. Alisema ripoti yangu isingemwokoa mama hata kama ningeipeleka siku ileile, na hilo ni kweli. Alisema mama amekufa kwa sababu manispaa haikuweka hata chumba kimoja chenye baridi kwa ajili ya wazee, na hilo pia ni kweli. Nikamwambia ni rahisi kuzungumza ukiwa na pumzi.

Nilitamka hivyo. Kwa mdogo wangu.

Jumatatu, 29 Julai

Nimempa mkuu ripoti. Yote, kurasa zote, na sehemu nzima ya mwisho inayosema wazi kwamba kuwasha kiwanda ni kumtibu mgonjwa kwa kumhamishia ugonjwa mwingine. Sijui kama niliipeleka kwa sababu ni kweli au kwa sababu ya hasira. Ukweli uliopelekwa kwa hasira bado ni ukweli, nilijiambia njiani. Kurudi nyumbani sikujiambia kitu.

Alhamisi, 1 Agosti

Mkuu amesifu kazi yangu. Amesema ni ndefu mno kwa wasomaji wa kawaida, kwa hiyo ameifupisha ikawa ukurasa mmoja. Sehemu ya mwisho haimo. "Hilo ni suala la afya, sisi ni watu wa hewa," alisema.

Nikamuuliza watu wa afya wanavuta hewa gani.

Alicheka. Alidhani ni mzaha.

Jumapili, 4 Agosti

Mkutano ulikuwa leo, ukumbi wa manispaa, watu mpaka madirishani. Msemaji wa kiwanda alikuwa amevaa shati jepesi la rangi ya mawingu. Hakupiga kelele, hakutisha mtu. Alitoa pole kwa wote waliofiwa msimu huu. Kisha akasoma sentensi moja ya ripoti yangu, na nikaisikia ikitoka kinywani mwake ikiwa imevuliwa kila nilichoivisha: kwamba kupungua kwa moshi kumechangia kupungua kwa mawingu ya pwani. Wake wa mafundi walipiga makofi. Waliofiwa pia walipiga makofi, na hao ndio walioniumiza.

Mdogo wangu akasimama. Alizungumza vizuri, kama mwaka jana, bila karatasi. Aliwakumbusha kikohozi, midomo ya watoto, kile kiti. Mwaka jana ukumbi huuhuu ulimbeba begani. Leo walimtazama kama mtu anayedai deni lililokwisha lipwa. Mama mmoja, aliyetembea naye mstari wa mbele kwenye maandamano, akasimama akamwambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, mwanangu anapumua sasa, nakushukuru. Lakini mama yangu amekufa kwa joto. Niambie nimchague yupi."

Mdogo wangu aliketi. Mama yetu hakumtaja. Angeweza kumtaja, na hakumtaja.

Hapo nikanyanyuka mimi. Nilisema mimi ndiye niliyeiandika ripoti, na iliyosomwa si ripoti yangu. Nikaanza kueleza: bahari yenye joto, sehemu na si yote, njia nyingine zilizopo, vivuli, maji, vyumba vya baridi, miti. Watu walianza kunong'ona. Msemaji akasubiri mpaka niishiwe pumzi, akasema kwa heshima, "Dada, tunakushukuru. Tunaomba jibu rahisi tu ili wananchi waelewe. Moshi ulikuwa unatufunika, ndiyo au hapana?"

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa akinitazama usoni bila kuomba chochote. Ningesema hapana, ningesema uongo mbele ya watu waliozika. Nikisema sijui, ni uongo mwingine.

"Ndiyo," nilisema.

Makofi yalinizuia kuongeza neno. Nilikuwa na maneno mengi ya kuongeza.

Jumatatu, 5 Agosti

Hakuna wingu.

Jumanne, 13 Agosti

Kibali kimetoka. Miaka miwili "ya majaribio". Msemaji ameahidi kuweka vichujio kwenye bomba pindi hali ya fedha itakaporuhusu. Mkuu wetu amepewa mashine mpya ya kituo, na barua ya shukrani ameibandika ukutani.

Mume wangu ameitwa kazini. Alikuja kuniambia nikiwa nafagia chumba cha mbele, ambacho hakina uchafu. Alisimama mlangoni akikunja kofia.

"Ukisema nisiende, siendi."

Nilimuuliza tutakula nini asipokwenda. Akasema hilo si jibu. Nikasema ndilo jibu nililonalo. Alikwenda kumuuliza mdogo wangu vilevile, na mdogo wangu akamwambia, "Nenda shemeji. Usipokwenda wewe atakwenda mwingine, na moshi ni uleule." Wote wawili walikuwa na adabu kubwa. Nilitamani wagombane.

Jumatano, 21 Agosti

Wamewasha. Harufu ya kiberiti imefika mpaka jikoni. Mume wangu anavua nguo za kazi uani na kujimwagia maji kabla ya kuingia, lakini harufu iko kwenye nywele, iko kwenye kucha. Mdogo wangu anakula chumbani kwake.

Jumanne, 27 Agosti

Lilikuja alfajiri. Zito, jeupe, chini kiasi kwamba lilikata vichwa vya minara ya simu. Lilikaa mpaka mchana. Watu walitoka nje wakasimama barabarani na nyuso zimeinuliwa. Wengine walicheka ovyo, wengine walilia. Hewa ilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Nami ngozi yangu ilifurahi, mwili hauna aibu.

Kituoni nilitoa karatasi ya kuchujia. Ya kijivu.

Niliporudi, mdogo wangu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mabega yakipanda na kushuka, mdomo wazi kama mtu aliyetolewa majini. Pampu ilikuwa mkononi mwake imekwisha. Ilikuwa ni ile ya kabatini, muda wake ulishapita. Nilikimbia duka la dawa kwa miguu kwenye ubaridi ule mzuri. Muuzaji akaniambia zimekwisha tangu asubuhi, watu wengi wamekuja. Akanielekeza duka lingine. Huko nilipata. Nilipomfikia midomo yake ilikuwa imeshaanza ile rangi.

Amepona. Kwa leo.

Jumapili, 1 Septemba

Anaondoka. Daktari amemwambia bila kuzunguka: hapa hatamaliza mwaka. Amepata nafasi ya kufundisha mji wa bara, mbali, nyuma ya milima. Tulipanga vitu vyake pamoja. Alichukua gauni moja la mama, akaniuliza kama naona sawa. Nilitaka kumwomba msamaha kwa lile neno la pumzi. Nilianza, akanishika mkono.

"Ulikuwa umefiwa," alisema.

"Na wewe ulikuwa umefiwa."

"Ndiyo. Lakini mimi nilikuwa nimefiwa na mama tu. Wewe ulikuwa na zile hesabu." Akaendelea kupanga viatu. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Sikulaumu kwa kusema ndiyo, dada. Ila siwezi kuisahau sauti yako ukiisema."

Jumatano, 4 Septemba

Nimemsindikiza stendi. Basi lilipoondoka hakupunga mkono. Alikuwa amefunika pua na mdomo kwa mtandio, na mkono mwingine ameshika mkoba wenye dawa.

Ijumaa, 6 Septemba

Wingu.

Jumamosi, 7 Septemba

Wingu. Mkuu amenipa kazi ya kuchora mchoro wa kuonyesha jinsi mawingu yalivyorudi. Nimeuchora. Ni mchoro mzuri, mstari unapanda vizuri kuelekea kulia.

Jumatatu, 9 Septemba

Mume wangu yuko zamu ya mchana. Nilikwenda sokoni peke yangu. Ubaridi, watu wametulia, hakuna aliyekuwa akigombania kivuli cha ukuta. Wauza mboga wamerudi kupanga bidhaa zao nje, majani hayanyauki tena.

Mama mmoja nisiyemfahamu alinishika kiwiko. Alikuwa amebeba mtoto mchanga mgongoni. Alisema alinisikia ukumbini, kwamba mimi ndiye niliyesema ukweli, na kwamba mama mkwe wake, aliyekuwa taabani Julai, jana ameamka akajitengenezea chai mwenyewe. "Mungu akuweke," alisema. "Umeturudishia kivuli."

Nilisema ahsante.

Aliendelea kunieleza habari za mama mkwe, kwa furaha, kwa kirefu. Mgongoni mwake mtoto alikohoa, kikohozi kidogo kikavu, akanyamaza, akakohoa tena. Mama yule akapeleka mkono nyuma akampigapiga matakoni, bila kugeuka na bila kukatisha hadithi.